Historia ya Marekani ya Kisasa Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Aliyetoka Afrika Mashariki na Kongo

Mwanafunzi aliyesoma Kigoma, Bukavu au Eldoret hufika sekondari ya Marekani akiwa hodari wa swali la aina moja: "Taja na ueleze sababu sita za kugawanywa kwa bara la Afrika." Anazijua zote sita, kwa mpangilio. Kisha mwalimu wa Ohio au Texas anamwekea mezani hati saba za zamani na swali moja tu: ni kwa kiasi gani hofu ya usalama ndiyo iliyoifanya serikali iwafungie kambini Wamarekani wa asili ya Kijapani mwaka 1942? Anaandika sababu sita, anapata C, anarudi nyumbani akiamini Kiingereza chake ndicho kilichomwangusha.

Mara nyingi si Kiingereza. Somo hili huku linataka utoe dai, ulitetee kwa ushahidi, na useme wazi pale ushahidi unapokupinga. Nimekaa jioni nyingi na vijana wetu wakiandika insha hizi, na nimeona alama zinavyopanda mara mtu akishalielewa hilo, hata kabla Kiingereza hakijanyooka. Basi tuanze mwanzo.

Hatua ya 1: Jua unaingia hadithi ikiwa katikati

Majimbo mengi huigawa historia ya nchi mara mbili. Nusu ya kwanza hufundishwa darasa la nane, nusu ya pili darasa la kumi na moja. Texas huanzia mwaka 1877 katika darasa la kumi na moja. California hukazia zaidi karne ya 20. Kama ulitua Dallas ukiwa na miaka 16, mwalimu wako anadhani sura za mwanzo unazijua, na hakuna atakayekusimulia upya.

Wiki ya kwanza, omba mpango wa somo wa mwaka mzima na utazame unaanzia mwaka gani. Kisha muulize mwalimu kama unaweza kuazimwa kitabu cha darasa la nane. Kiingereza chake ni chepesi, na ndicho kinachoziba pengo haraka kuliko kitu kingine chochote. Huna haja ya kukisoma chote. Tafuta haya tu: Katiba iliyoandikwa 1787 na nyongeza zake 10 za kwanza za mwaka 1791, jinsi pamba na utumwa vilivyoutajirisha Kusini na kuigawa nchi, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861 hadi 1865, Marekebisho ya 13, 14 na 15 ya Katiba, yaliyofuta utumwa, yakatoa uraia, na yakakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, na mwaka 1877, wanajeshi wa serikali kuu walipoacha kuzilinda serikali za Kusini zilizotegemea kura za watu weusi. Hapo ndipo mateso ya miaka mingi iliyofuata yalipoanzia. Usipoielewa 1877, hutaelewa kwa nini watu waliandamana 1963.

Hatua ya 2: Chora mstari wa miaka, kisha upitishe uzi ndani yake

Chukua karatasi kubwa, uilaze, uchore mstari mmoja. Usiandike kila tarehe ya kitabuni. Weka vituo vichache tu, na mengine yatajishikiza hapo:

- 1877 hadi 1900: viwanda, reli, wahamiaji kutoka Ulaya, ubaguzi wa kisheria Kusini. Mwaka 1898, vita na Hispania, Marekani inaanza kutawala visiwa vya mbali.
- 1917: inaingia Vita vya Kwanza vya Dunia. 1920: wanawake wanapata haki ya kura kikatiba.
- 1929: soko la hisa linaporomoka. 1933: Roosevelt anaanza mpango wake wa kufufua uchumi. 1935: sheria ya pensheni ya taifa, ile inayokatwa kwenye hundi ya mshahara wa mzazi wako hadi leo.
- Desemba 7, 1941 hadi Agosti 1945: vita na Japani na Ujerumani.
- 1947 hadi 1991: Vita Baridi. Ndani yake kuna Korea, Vietnam, na siasa nyingi za Afrika.
- 1954 hadi 1965: harakati za haki za kiraia.
- 1974: Nixon anajiuzulu kwa kashfa ya Watergate. 1980: Reagan anachaguliwa.
- Septemba 11, 2001. Kwetu Afrika Mashariki, kumbuka kwamba miaka mitatu kabla, Agosti 7, 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na watu 224 wakafa.

Mstari ukishakamilika, chagua jambo moja ulifuatilie toka mwanzo hadi mwisho. Mimi humshauri kila mgeni achague Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868. Yanasema aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia, na kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Sasa angalia Mahakama ya Juu inavyoyasoma maneno hayohayo kwa namna tofauti. 1896, katika kesi ya Plessy, inasema kuwatenga weusi si kosa mradi huduma ziwe sawa. 1898, katika kesi ya Wong Kim Ark, inasema mtoto wa Wachina aliyezaliwa San Francisco ni raia. 1954, katika kesi ya Brown, inasema shule za kutenga rangi haziwezi kuwa sawa. 1967, katika kesi ya Loving, inafuta sheria zilizokataza ndoa kati ya mweusi na mweupe. 1982, katika kesi ya Plyler, inasema Texas haiwezi kumfungia mtoto asiye na vibali mlango wa shule ya umma. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kwa nini majibu yalibadilika? Mwanafunzi anayeweza kujibu swali hilo kwa dakika tano ameshapata nusu ya somo la mwaka.

Hatua ya 3: Elewa kwamba kuna serikali mbili juu ya ardhi moja

Hapa ndipo wengi wetu hukwama bila kujua. Tanzania, mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Akimpinga asubuhi, jioni hana kazi. Gavana wa jimbo la Marekani huchaguliwa na wananchi wake na Rais hawezi kumfukuza. Usipoishika tofauti hiyo, Little Rock haitakuingia akilini.

Septemba 1957, wanafunzi weusi tisa walitakiwa kuanza masomo katika Central High School mjini Little Rock, Arkansas, kwa mujibu wa uamuzi wa mahakama. Gavana Orval Faubus aliwapanga askari wa akiba wa jimbo kuwazuia. Rais Eisenhower akawachukua askari hao chini ya amri yake na kupeleka wanajeshi wa Divisheni ya 101 kuwasindikiza watoto hadi darasani. Mwaka uliofuata Faubus akaona heri shule za sekondari za mji zifungwe kabisa, na zikafungwa mwaka mzima wa masomo wa 1958–59. Ukikutana na mgogoro wowote kitabuni, uwe wa utumwa, vyama vya wafanyakazi, kura au mazingira, jiulize kwanza: nani anadai mamlaka hapa, jimbo au Washington?

Jambo la pili linalowachanganya wageni ni vyama. Lincoln alikuwa Republican, na kwa miongo mingi Kusini yenye ubaguzi ilikuwa ngome ya Democrats. Wamarekani weusi walianza kuhamia Democrats miaka ya 1930, wakati wa Roosevelt, na weupe wengi wa Kusini wakaanza kuhamia Republicans baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kwa hiyo, ukiona jina la chama kwenye hati, angalia mwaka kabla hujahukumu.

Hatua ya 4: Soma sura kutokea nyuma

Anza na maswali ya mwisho wa sura, kisha vichwa vidogo, kisha picha na maelezo yake, ndipo urudi kwenye aya. Kila ukimaliza kichwa kimoja, andika sentensi moja yenye neno "kwa sababu". Ukishindwa kuiandika, hujaelewa, rudia. Kiswahili kinatosha kabisa kwa sentensi hizi.

Jifunze pia alama za katuni za kisiasa, maana mitihani inazipenda na hakuna anayezieleza: tembo ni Republicans, punda ni Democrats, mzee mwenye kofia ndefu na ndevu nyeupe ni serikali ya Marekani, dubu ni Urusi, na pweza mwenye mikono kila mahali ni kampuni kubwa iliyomeza biashara na siasa.

Hatua ya 5: Shika hati moja uikamue

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Tuifanye pamoja kwa swali lile la mwanzo.

Hati ya kwanza ni Amri ya Rais namba 9066, iliyotiwa saini na Franklin Roosevelt Februari 19, 1942. Kabla ya kusoma neno moja la ndani, jibu maswali manne pembeni: nani ameandika, lini, akimwandikia nani, na anataka nini kitokee? Rais, wiki kumi na kidogo baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, akimwandikia Waziri wa Vita, akimpa ruhusa.

Sasa isome. Inawaruhusu makamanda kutenga maeneo ya kijeshi na kumwondoa humo mtu yeyote. Litafute neno linalowataja Wajapani. Halimo. Mwanafunzi wa kawaida huipita hapo bila kuona, wewe simama. Amri isiyotaja watu wa asili yoyote iliishiaje kuwakumba watu takriban 120,000 wa asili moja, theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani?

Iweke hati ya pili kando yake: matangazo ya jeshi yaliyobandikwa mitaani pwani ya magharibi miezi michache baadaye, chini ya Jenerali John DeWitt. Haya yanawataja wazi watu wa nasaba ya Kijapani. Kwa hiyo ubaguzi haukuandikwa juu kabisa, uliingia wakati wa utekelezaji. Hilo tayari ni wazo lako mwenyewe, na limetoka kwenye hati mbili tu.

Hati ya tatu iwe takwimu: Hawaii, mahali palipopigwa hasa, zaidi ya theluthi moja ya wakazi walikuwa wa asili ya Kijapani, na huko ni wachache tu waliofungwa. Uchumi wa visiwa ungesimama bila wao. Kama hofu ya usalama ndiyo iliyokuwa sababu kuu, ingetarajiwa Hawaii iongoze. Hapa ndipo dai lako linapozaliwa.

Ya nne, picha za Dorothea Lange. Aliajiriwa na idara ya serikali apige picha za uhamisho ule, na nyingi zikazuiliwa na jeshi hadi vita vilipokwisha. Usiseme tu "picha inaonyesha huzuni". Uliza kwa nini mwajiri aliificha kazi aliyoilipia.

Ya tano, hukumu ya Desemba 1944 katika kesi ya Fred Korematsu, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyekataa kuhama. Mahakama ya Juu iliunga mkono serikali kwa kura 6 dhidi ya 3, na Jaji Frank Murphy, mmoja wa waliopinga, akaandika kwamba uamuzi ule unatumbukia katika shimo baya la ubaguzi wa rangi. Maoni ya waliopinga ni dhahabu kwa mwandishi wa insha: yanathibitisha kwamba palikuwa na watu wa wakati uleule walioona kosa, kwa hiyo huwezi kusema "enzi hizo kila mtu alifikiri hivyo".

Ya sita ina mtego. Ni sheria ya mwaka 1988 iliyotiwa saini na Reagan, ikiomba radhi na kuwapa walionusurika dola 20,000 kila mmoja. Wanafunzi huitumia kuthibitisha mawazo ya viongozi wa 1942. Sheria hiyo inathibitisha Marekani ilifikiri nini mwaka 1988. Ukiliandika hilo kwa sentensi moja, msahihishaji atajua anasoma kazi ya mtu anayefikiri.

Hati za namna hii zinapatikana bure kwenye tovuti za Maktaba ya Kongresi na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Kadi ya maktaba ya mtaa wako pia kwa kawaida ni bure, na wakutubi wanapenda kusaidia kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Andika dai, si orodha

Linganisha sentensi hizi mbili za ufunguzi.

Dhaifu: "Kulikuwa na sababu nyingi zilizofanya Wajapani wafungwe, kama vile hofu, ubaguzi na uchumi."

Yenye nguvu: "Ingawa shambulio la Pearl Harbor lilizua hofu ya kweli, kuachwa huru kwa Wajapani wengi wa Hawaii kunaonyesha kwamba kilichoamua nani afungwe ni ubaguzi wa muda mrefu wa California, ambao tayari ulikuwa kwenye sheria ya ardhi ya jimbo ya 1913 na ukaungwa mkono na sheria ya uhamiaji ya taifa ya 1924."

Ya pili inaweza kupingwa, na ndiyo maana ina thamani. Neno "ingawa" lina kazi kubwa hapo: linakubali upande wa pili kabla ya kuushinda. Baada ya hapo kila aya iwe na dai dogo, ushahidi kutoka hati moja au mbili, kisha sentensi ya "hii inaonyesha". Sentensi hiyo ya tatu ndiyo wengi husahau. Wananukuu hati na kuiacha ijieleze.

Panga mawazo kwa Kiswahili, kisha andika moja kwa moja kwa Kiingereza chako, hata kikiwa kifupi. Usiandike insha nzima kwa Kiswahili na kuitupia programu ya tafsiri. Shule nyingi huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na kibaya zaidi hutaweza kuitetea ukiulizwa. Vivyo hivyo kunakili. Huko tulikotoka, kurudia maneno ya kitabu neno kwa neno kulisifiwa. Hapa, usipoweka alama za nukuu na kutaja chanzo, unaweza kupewa sifuri na kuitwa ofisini.

Hatua ya 7: Fungua mdomo

Kunyamaza mbele ya mwalimu ni adabu kwetu. Hapa mwalimu anaweza kukuona hujasoma, na katika madarasa mengi kushiriki kuna alama. Kila jioni andaa sentensi moja na swali moja kutoka kwenye usomaji, viandike kwa Kiingereza, na useme mapema kabla mjadala haujashika kasi. Kumpinga mwalimu si utovu wa adabu ukianza na ushahidi: "Hati ya tatu inasema tofauti, ukurasa huu."

Hati nyingine zina matusi ya rangi. Usiyasome kwa sauti. Sema tu kwamba mwandishi ametumia tusi. Na kama somo la vita au kukimbia makazi linakugusa pabaya, una ruhusa ya kumwambia mwalimu faragha kwamba leo hutaongea.

Hatua ya 8: Ingia kwa mlango wako

Mradi wa utafiti ukija, usichague mada ambayo darasa zima limechagua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilikuwa zimeshahifadhiwa Staten Island, New York, tangu 1940. Kijana wa Likasi au Lubumbashi ana swali la kuuliza hapo ambalo wenzake hawana. Mwaka 1959 ndege iliyopatikana kwa juhudi za Tom Mboya iliwaleta wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa fedha za safari nyingine, katikati ya kampeni ya urais ambamo kura za Wamarekani weusi ziligombaniwa. Wangari Maathai alikuja 1960, akasoma Kansas. Ripoti ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church, ya mwaka 1975, inaeleza mpango wa CIA wa kumuua Patrice Lumumba, na inasomeka na mtu yeyote.

Na kama familia yako ilitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, imepita katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980. Mhoji mama au babu kwa Kiswahili, rekodi kwa ruhusa yake, tafsiri vipande muhimu, kisha weka ushuhuda wake kando ya maandishi ya sheria. Wasahihishaji wanaona miradi mingi juu ya Vita vya Pili; kitu kama hicho hawakioni kila siku.

Hatua ya 9: Mtihani

Jua ni mtihani gani unakusubiri. Texas, kwa miaka mingi, Historia ya Marekani imekuwa miongoni mwa mitihani ya jimbo inayohitajika ili kuhitimu. Ukichukua darasa la AP, yaani somo la sekondari la kiwango cha chuo, mtihani wake una maswali 55 ya kuchagua, maswali matatu mafupi, insha moja ya hati saba na insha nyingine ndefu, kwa saa tatu na robo. Maswali ya kuchagua huja chini ya nukuu au picha: soma kwanza mstari wa chini wenye jina na mwaka, kisha swali, ndipo nukuu. Kwenye insha ya hati tumia dakika 15 za kwanza kusoma na kupanga, hata ukiona wenzako wameshaanza kuandika.

Hatua ya 10: Dai msaada, na irudie kazi iliyosahihishwa

Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na wanafunzi Wachina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule bila msaada si kumtendea sawa. Mwone mshauri wa wanafunzi uulize kuhusu kamusi kwenye mtihani, muda wa ziada, na mwalimu wa Kiingereza kwa wageni. Mzazi, ukiitwa shuleni, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, wala usimtume mtoto akutafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

Insha ikirudi na alama usiyoitaka, usiikunje ukaitia mkobani. Ipeleke kwa mwalimu baada ya masomo na uulize swali moja: ni sentensi ipi, ningeibadilisha, ingenipa alama zaidi? Walimu wengi watakuonyesha, na wengi huruhusu uandike upya. Andika upya usiku huohuo, maelezo yake yakiwa bado kichwani.